Ukurasa wa Saba

Chema chajiuza, walisema waliouza zamani,
kabla chema hakijapewa namba
na kupangwa foleni na mashine isiyo na pua
ya kunusa msonobari mkavu chini ya jua la Juni.

Mimi ni dalali wa nyumba, Liepāja, mwaka wa kumi na tisa.
Nakwambia: chema kiko ukurasa wa saba,
na ukurasa wa saba hauna mtu.
Hata mwizi hafiki huko.

Nyumba ya Velta inakaa huko tangu Februari.
Ya mbao, na dari ya kuanikia nguo,
rangi imebabuka upande wa bahari
kwa upepo ule unaokula hadi misumari.
Naitafuta kila asubuhi kabla ya kahawa
kama mtu anayejipigia simu ajue kama yupo.
*Nyumba Liepāja.* Nabofya.
Ya kwanza: fleti ya vioo, imelipiwa.
Ya pili: fleti ileile, dalali mwingine.
Ya tatu iliuzwa mwaka juzi, ila haitaki kufa.

Raivo, kijana wetu wa tovuti, alisoma tangazo
alilolitunga Velta kwa mkono wake,
akacheka, si kwa ubaya.
"Nani atatafuta haya?"
Velta alikuwa ameandika:

*Jiko la vigae vya kijani. Kigae cha tatu kutoka chini kimepasuka.
Mlango wa stoo hufunguka ukiunyanyua kidogo.
Mtofaa huzaa mwaka mmoja, mwaka wa pili hununa.*

"Andika vyumba vitatu," akasema Raivo. "Karibu na ufukwe. Bei nafuu.
Taja Liepāja mara nne.
Ya tano ni ulafi, mashine hutapika."
Tukaandika. Picha nazo tukazipa majina,
maana mashine ni kipofu ajuaye kusoma.

Velta akaja, akavaa miwani, akasoma hadi mwisho.
"Hii ni ya nani?"

Nikazirudisha sentensi zake, chini kabisa, herufi ndogo,
kama anayerudisha kijiko cha jirani bila kubisha hodi.

Aprili tulipanda hadi ukurasa wa nne. Raivo akanunua keki.
Juma lililofuata mashine ikabadili mawazo,
haikusema kwa nini,
tukashuka wa sita, keki haijaisha.

Kisha usiku wa Jumanne, baruapepe kutoka Cork:
Gundars Strautnieks, fundi wa lifti.
Hakuwa anatafuta nyumba. Alikosa usingizi,
akaandika kwenye kile kisanduku cheupe
*jiko vigae kijani kimepasuka Liepāja*,
na mashine, ile ile, isiyo na pua,
ikampa jibu moja tu.
Ukurasa wa kwanza. Juu kabisa. Peke yetu.

"Nilikipasua mimi," aliandika,
"kwa sleji ya kutelezea theluji, humo humo ndani,
mwaka wa sabini na nane. Mama alipewa chumba cha nyuma.
Naomba picha. Si ya nyumba. Ya ufa."

Nikaenda. Velta akashika tochi.
Tulipiga magoti, magoti yake yakalia kuliko sakafu.
Ufa mwembamba, umejaa masizi,
urefu wa kidole cha mtoto.
Nilipiga picha saba kabla mkono haujatulia.

Hakununua. Hana pesa za nyumba, alisema,
wala hana sababu.
Picha ile ameiweka kwenye simu,
huitazama lifti zinapokwama.
Velta aliuliza tu kama sleji ilivunjika.
Nikasahau kumuuliza.

Leo ni Septemba. Mtofaa umenuna.
Tuko ukurasa wa tano, labda wa tano na nusu.
Nimeandika tena *karibu na ufukwe*:
dakika kumi na nane kwa miguu,
upepo ukiwa mgongoni.